Wakili amelala na kesi yetu, pesa za minazi kala, na wazee wasema tumuonee muhali

Assalam aleikum Ami,

Natumai u mzima wa afya. Mimi ni msomaji wako wa hapa Amu (Lamu), nimekuwa nikisoma majibu yako ya mambo ya mirathi na mipaka nikawa nasema siku moja na mimi ntamuandikia, sikujua itakuwa kwa jambo kama hili. Jina langu usiliweke tafadhali, mji wenyewe ndio huu, ukikohoa Langoni wasikika Mkomani.

Baba yetu alifariki 2016 akatuachia shamba la minazi na miembe upande wa Hindi, eka nane hivi. Mwaka 2018 jamaa mmoja akaja na karatasi zake anazozijua yeye akazungusha ua wa senyenge karibu nusu ya shamba na akakata minazi 31, minazi ambayo babu ndiye aliipanda kwa mkono wake. Tukaambiwa kesi kama hiyo ni ya korti ya ardhi na mazingira, Malindi. Mama ndiye alokuwa na karatasi ya kusimamia mirathi kutoka kwa Kadhi kwa hivyo kesi ikafunguliwa kwa jina lake, ilikuwa 2019.

Sasa wakili. Wakili tulompata ni kijana wa hapa hapa, ofisi yake iko Malindi, babake na marehemu baba walikuwa wakiswali safu moja na jioni wakicheza bao pamoja, kwa hivyo hata hatukuuliza mengi wala hatukuandikiana kitu. Alisema laki moja na nusu. Tukampa elfu 60 mkononi, hiyo alitupa risiti (iko kwa shemeji yangu aliyeko Faza, ndiye alokwenda na mama siku ile), iliyobaki nikawa namtumia kwa Mpesa kidogo kidogo mpaka ikaisha, na baadae akaitisha nyengine elfu 25 ya "kufuatilia faili".

Ami, nimekwenda Malindi mara sita. Waijua safari yenyewe, boti mpaka Mokowe, halafu basi, Hindi, Witu, Garsen, kila kizuizi mwashuka mwaonyesha vitambulisho mwapanda tena, ukifika Malindi kiuno si chako. Na kila nikifika ni hadithi, mara jaji yuko likizo, mara faili haionekani, mara corona, mara itatajwa mwezi ujao we rudi nyumbani ntakupigia. Hanipigii. Mama naye kila siku ya Ijumaa aniuliza, "Kesi ni lini? Ndoo unambie," mimi namdanganya kwa vile nilivyodanganywa.

Disemba iliyopita, 2024, tuko harusini Mokowe, mke wa yule jamaa wa senyenge akanambia mbele za watu kwa kejeli, nyinyi mwataka nini tena na minazi mushalipwa? Nikadhani ni matusi tu. Lakini likanikaa kooni. Januari nikapanda basi sikwenda kwa wakili, nikaenda moja kwa moja masjala ya korti nikaomba kuona faili. Kesi ilitupwa mwezi wa tatu 2023!! Ilani ilitumwa kwa wakili wetu aende aeleze kwa nini kesi isitupwe, hakuna alotokea. Na humo humo ndani kuna barua ya 2021 ya wakili wa upande wa pili yasema wamemlipa wakili wetu shilingi 310,000 za ile minazi 31. Nilikaa chini pale kwenye benchi nikasahau hata kulia.

Nikamfuata ofisini. Kwanza akakana, nilipomuonyesha picha nilizopiga akasema hizo pesa amezikata ada zake, ati ile laki na nusu ilikuwa ya kufungua kesi tu. Nikamwambia basi tupe faili letu twende zetu, akasema kuna deni halijaisha. Tangu siku ile WhatsApp asoma hajibu.

Kaka yangu ni nahodha, hasira zake ni za baharini, ataka amuweke Facebook na picha yake na aandike mwizi. Mama hataki. Wazee wawili wamekuja nyumbani kutwambia tumuonee muhali, ni mtoto wetu, babake mgonjwa, tukimshtaki tutamuua mzee, na kijana atalipa polepole. Mama amewakubalia nusu. Mimi nimenyamaza tangu Januari na sasa ni Mei. Nataka kujua, je kesi ishakufa kabisa? Huyu wakili ashtakiwa wapi na ni pesa ngapi? Manake watu wanambia mawakili ni kitu kimoja mwenzao hawamfanyi kitu, na ukimshtaki mmoja hakuna mwengine Malindi atakushika. Nisaidie Ami.

Binti wa Langoni

*

Waaleikum salaam binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, hiyo ya pili chai ishapoa. Wanaonisoma wanajua mimi si wakili, nilikuwa karani wa korti, umri wangu umeishia nyuma ya kaunta ya masjala nikibeba mafaili ya watu, na ilani kama hiyo ulioiona ndani ya faili lenu nimezitoa sijui ngapi. Inakuwa hivi, orodha inatengenezwa ya kesi ambazo hazijaguswa mwaka mzima, ilani zinaenda kwa mawakili, siku ikifika jaji anaita jina, kimya, anaita tena, kimya, imetupwa, lete inayofuata. Dakika moja haifiki. Na mwenye kesi yuko kwake Amu au Kipini anakuna nazi akijua haki yake iko njiani.

Lakini kabla sijafika kwa wakili nikugombeze wewe kidogo, uniwie radhi. Januari mpaka Mei! Ile miaka sita nyuma unaweza kuieleza, ulidanganywa, lakini hii miezi minne ni yako, na jaji ataiuliza. Nyumbani kwenu mnazungumza muhali na Facebook na ugonjwa wa mzee wa watu, na jambo lenyewe la haraka hakuna aliloligusa, shamba. Wakili mumshtaki leo, mumshtaki mwezi ujao, yeye hendi popote. Kesi ndio inayooza.

Haijafa kabisa, hapana. Ilotupwa kwa kukosa kufuatiliwa haijasikilizwa, hakuna jaji alosema shamba si lenu. Sheria ya utaratibu wa kesi za madai, ile Oda ya 17, ndio inaruhusu kesi kutupwa ikikaa mwaka bila hatua, na hiyo hiyo inaruhusu mtu kurudi kortini kuomba irudishwe. Kurudisha ni hiari ya jaji. Ataangalia kwa nini ililala, nyinyi mlikuwa wapi, mumechukua muda gani kuja tangu mlipojua, na upande wa pili utaumia vipi ikifufuliwa. Hapo majaji wetu wana maneno mawili na yote mawili utayasikia. Moja, kosa la wakili lisimwangukie mteja ambaye hana hatia. La pili, kesi ni ya mwenyewe si ya wakili, mwenyewe alikuwa anafanya nini? Wakili mwengine atakusomea lile la kwanza peke yake ufurahi. Mimi nakwambia jitayarishe kwa la pili.

Na hapa ndipo kiuno chako kinapokulipa. Zile safari sita, tiketi za basi unazo? Hata tatu? Mpesa uliomlipa mwenye boti, picha ulopiga nje ya ofisi yake, meseji za "wakili shikamoo kesi imefika wapi" ambazo hakujibu, hizo zote ni ushahidi kwamba nyinyi hamkulala. Nimeona watu wanakuja kortini na malalamiko ya kweli na mkononi hawana hata karatasi ya kufungia bajia, wanasema "nilikuja mara nyingi", jaji anaandika tu "hakuna ushahidi". Kwa hivyo kabla ya wazee, kabla ya kaka, kaa chini na simu yako utoe steitimenti ya Mpesa tangu 2019 na upige picha meseji zote moja moja, usingoje simu ianguke majini.

Halafu rudi masjala Malindi, si kupiga picha tu safari hii, omba nakala rasmi ya amri iliyotupa kesi, na ile barua ya 310,000, na mwenendo wa kesi wote, kuna ada kidogo ya korti utalipa, dai risiti. Faili la wakili anaweza kulikalia lakini faili la korti ni la wote walio kwenye kesi ile na mama yako ndiye mwenye kesi. Mchukue mama muende pamoja au akuandikie barua ya kukuruhusu aweke sahihi au dole gumba. Hili nalisisitiza kwa sababu kwenye barua yako yote wewe ndiye unayetembea na jina lililoko kortini ni lake. Maombi yoyote, malalamiko yoyote, ni yeye mteja.

Kisha mtafute wakili mwengine wa kuomba kesi irudishwe. Hayo ya kwamba hakuna atakayekushika ni maneno ya barazani, wakili anashika kesi kwa kulipwa, na Malindi mawakili si watu watatu. Kwa vile kesi ishafungwa huenda huyo mpya akahitaji ruhusa ya korti kuingia au karatasi ya makubaliano na yule wa zamani, yeye atajua. Kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye tovuti ya chama cha mawakili, LSK, utafute jina lake uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai, manake leseni ni ya kila mwaka na asiyekuwa nayo hana ruhusa kusimama kortini. (Muangalie na huyo wa zamani pia. Usishangae.) Bei muandikiane, iwekwe sahihi, hata kama ni karatasi moja na hata kama ni mtoto wa mjomba. Na akitokea wa kukwambia "msilipe kitu mama, tukishinda nipeni eka mbili", mkimbieni. Watu wanapenda sana hii kwa sababu yaonekana kama msaada. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, imekataza wakili kulipwa kwa sharti la kushinda, na pia kununua sehemu ya kile mnachogombania. Anayeanza na nyinyi kwa kuvunja sheria yake mwenyewe mtamaliza naye vipi.

Jaji akikataa kurudisha, bado usivunjike, ua ulizungushwa 2018 na kudai ardhi muda wake ni miaka 12, muulize huyo wakili mpya kama kuna njia ya kufungua upya. Lakini hilo liwe la akiba.

Haya. Sasa tumfikie bwana.

Usimlaumu kwa kila kitu, tuwe waadilifu. Corona aliyokwambia ilikuwa kweli, Machi 2020 korti zilipunguza kazi nchi nzima na mambo yalikwama miezi. Na jaji kuwa likizo hutokea, na faili kupotea, wallahi hutokea, mimi mwenyewe nimeshatafuta faili wiki nzima tukalipata chini ya mguu wa meza inayoyumba. Wakili akishindwa kesi, au akachagua njia ambayo baadae imeonekana si nzuri, hilo si kosa la maadili. Lakini kutumiwa ilani asitokee, asikwambie, na miaka karibu miwili baadae aendelee kukulisha maneno, hiyo ni kumtelekeza mteja, na kanuni zao wenyewe za maadili zilizotoka kwenye Gazeti la Serikali 2017 zinamtaka afanye kazi kwa bidii na amjulishe mteja kesi inavyokwenda.

Na zile 310,000 ni jambo lengine kabisa, hilo ndilo lililonifanya niweke chai chini. Pesa ya mteja ikimfikia wakili haingii mfukoni mwake. Wana sheria zao za hesabu, pesa hiyo inatakiwa iingie bila kuchelewa kwenye akaunti ya wateja, mbali na akaunti ya ofisi, na hawezi kujikatia ada humo kimya kimya, lazima kwanza akupe bili au karatasi yenye hesabu ya anachodai na akujulishe kwamba pesa hizo ndizo zitakazolipa. Je alikupa? Hata kukwambia kwamba minazi imelipwa hakukwambia, umeambiwa na mke wa adui yako harusini! Kwa hivyo hilo neno "nimekata ada zangu" halisimami. Na lile la kushikilia faili kwa deni, ni kweli wakili ana haki ya kuzuia karatasi za mteja asiyemlipa, lakini deni gani ambalo halina bili? Mwambie alete bili yake, na mkibishana juu ya hiyo bili kuna ofisa wa korti, naibu msajili, kazi yake ni kuipiga panga mstari kwa mstari.

Muandikieni barua, mama aweke sahihi. Fupi, bila matusi. Tunataka faili letu, tunataka hesabu ya pesa zote ulizopokea kwetu na kwa upande wa pili pamoja na tarehe, tunataka 310,000 yetu, tunakupa siku 14. Muipeleke ofisini na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, secretary akikataa kugonga piga picha umeishika mlangoni kwake, na hiyo hiyo mtumie WhatsApp kwa vile twajua asoma.

Zikipita siku 14, mahali pa kwenda panaitwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Iko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, makao yake Nairobi, si tawi la chama cha mawakili, kwa hivyo wale wanokwambia mawakili ni kitu kimoja hawaijui. Kulalamika ni bure, huhitaji wakili wa kumshtaki wakili, na wala huhitaji kizungu, Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, andika kama ulivyoniandikia mimi lakini upunguze senyenge na uongeze tarehe. Kuna fomu yao, unajaza wakili ni nani, kesi namba ngapi korti gani, ulilipa nini lini, kilichotokea, unachotaka. Ambatisha nakala, narudia, nakala, za asili zibaki kwenye sanduku la mama. Wao watamuandikia wakili ajibu. Mawakili wengi wenye kiburi kwa wateja barua hiyo ikifika huanza kupokea simu, hili nimeliona kwa macho yangu.

Na hapa wazee wako wasikilize vizuri, kwa sababu sheria yenyewe imeipa tume hiyo kazi ya kusuluhisha. Wanaweza kuwaita mukae meza moja, wakili alete hesabu, mukubaliane alipe vipi, iandikwe. Sasa wazee waogopa nini? Wanachotaka wao, suluhu, kiko humo humo, tofauti ni kwamba ya tume ina karatasi na yao ina "polepole". Waambie kwa adabu, ami zangu, sisi hatukatai, leteni siku, aje na faili mkononi na pesa mezani, na mama atawashukuru. Lakini msikubali kuandika kwamba hamna malalamiko kabla pesa haijaonekana. Hilo ndilo mtego wa suluhu nyingi za barazani, mwenye haki ndiye anayeombwa kusamehe na mwenye deni haombwi kitu. Muhali ni mzuri binti yangu, ndio ulotulea, lakini muhali ni wa anayedai kumstahi anayedaiwa anayehangaika kulipa. Huyu hata kujibu meseji hataki! Na huyo mzee mgonjwa, mimi nadhani akiambiwa kwamba mwanawe amekula pesa za minazi ya rafiki yake wa bao, ugonjwa utaongezwa na lile jambo lenyewe, si na barua yenu.

Suluhu ikikosekana na tume ikaona kosa ni la nidhamu, wanampeleka kwenye Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili. Sikufichi, wanaokaa pale wengi ni mawakili, na mambo yake si ya wiki mbili, huchukua muda wa kuchosha. Lakini meno inayo. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Mawakili kinawapa uwezo wa kumkaripia wakili, kumsimamisha kazi mpaka miaka mitano, kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili, kumtoza faini mpaka milioni moja, na kumuamuru alipe mteja fidia mpaka milioni tano. Waweza pia kwenda huko moja kwa moja bila kupitia tume, kwa hati ya kiapo, lakini kwa mtu wa mara ya kwanza mimi naona tume ni rahisi, wao ndio watakaoibeba kesi. Kitu kimoja tu usikitarajie kule, shamba. Hawatakurudishia hata mnazi mmoja, hiyo si kazi yao, ndio sababu nimekwambia korti kwanza. Hizi mbili ziende sambamba, na barua ya tume itakusaidia hata mbele ya jaji, ataona mliamka mkachukua hatua.

Mwaweza vilevile kumshtaki kwa uzembe, madai ya kawaida kortini, kama kesi isiporudi na shamba likapotea kwa ajili yake. Hayo yana saa yake, uzembe ni miaka mitatu, na ukihesabu tangu kesi itupwe Machi 2023 basi Machi 2026 mlango wafungwa, ukishtaki kwa kuvunja mkataba ni miaka sita. Muulize wakili mpya mapema asije naye akalala. Na polisi? Wakili kukabidhiwa pesa kwa kazi yake akashindwa kuzitoa ni kosa la jinai kwenye hiyo hiyo Sheria ya Mawakili, kifungu cha 80. Mimi ningeiweka mwisho. Akishaingia polisi mazungumzo ya kulipa huwa magumu, na nyinyi mwahitaji pesa na faili kuliko mwahitaji yeye alale selo. Lakini ajue kwamba mwajua.

Kaka yako nahodha, mpe salamu zangu na umwambie asiweke kitu Facebook. Najua ataniona mzee muoga. Akiandika "mwizi" na picha, kesho huyo wakili ndiye atakuwa mlalamishi, atamshtaki kwa kumchafulia jina, na hiyo kesi hatalala nayo. Hasira zake azitie kwenye nauli, yeye ampeleke mama Malindi, mwanamume akiwa na kazi ya kufanya hupoa.

Usimueleze mama vifungu hivi vyote. Mwambie tu Ijumaa hii kwamba kesi ilitupwa, kwamba hukumdanganya kwa kutaka, na kwamba wiki ijayo mwaenda masjala pamoja. Atalia, mwache alie.

Na ile risiti ya elfu 60 ilioko Faza, mpigie shemeji yako leo, asiitume kwa picha, ailete yenyewe na boti ya kwanza atakayoipata.

Ami